Kukodi nyumba ya KWS Aberdare kwa safari ya kuvua trauti: mwongozo kamili

Anayelala Nyeri mjini akitarajia kuvua trauti juu ya milima ya Aberdare, siku yake huliwa na barabara. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, halafu kuna mwinuko mrefu wa tope na mawe, halafu kumngoja renja, yaani askari wa wanyamapori, halafu kuunganisha vifaa. Kufikia saa nane mchana ukungu umeshuka, mvua inanyesha, na tayari ameanza kuhesabu dakika za kurudi langoni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Samaki wapo, ila muda ndio haupo.

Suluhisho ni kulala ndani ya mbuga. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, lina nyumba za kujipikia huko juu, na mojawapo inaitwa Fishing Lodge kwa sababu wageni wake wa kwanza kufikiriwa ni wavuvi. Ukiikodi vizuri, mto unakuwa wa kutembelea, si wa kukimbilia: mvua ikija unarudi ndani, ikikatika unatoka tena. Hiyo ndiyo thamani unayolipia, na kila uamuzi hapa chini nimeupima kwa kipimo hicho.

Anza na mto, nyumba ifuate

Watu wengi huanza na picha za nyumba. Anza na maji. Trauti hakuwa samaki wa Kenya: mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven huko Uskoti, na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan akawapandikiza kwenye mto Gura mwaka 1905. Trauti wa upinde wa mvua waliletwa baadaye. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kituo cha kuzalisha trauti cha Kiganjo, karibu na Nyeri. Tangu hapo mito ya juu ya Aberdare na Mlima Kenya imekuwa na vizazi vinavyojiendeleza vyenyewe.

Samaki huyu anataka maji baridi, maangavu, yanayokimbia na yenye hewa nyingi. Maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika. Ndiyo maana hutampata chini kwenye mashamba, na ndiyo maana msitu ulio juu ya mto una maana kubwa kuliko ndoano yoyote utakayonunua. Aberdare imezungushiwa ua wa umeme wa takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009 kwa juhudi za shirika la Rhino Ark pamoja na KWS na wanavijiji wanaoizunguka. Mvuvi anayefurahia maji baridi ndani ya ua huo anafurahia kazi ya watu hao.

Mito ya kuangalia ni Chania, Gura, Magura na Karuru. Chania ninayoisema ni ile inayoteremka kuelekea Nyeri. Kuna Chania nyingine inayokwenda Thika, nayo chanzo chake ni milima hiyo hiyo, kwa hiyo ukiuliza habari za mto hakikisha mnazungumzia mmoja. Gura na Karuru zina maporomoko makubwa. Karuru peke yake huanguka mita 273 kwa ngazi tatu. Ni pazuri sana kwa macho, lakini kandokando ya maporomoko hapavuliki kwa usalama. Kwa anayeanza, Chania ya juu ndiyo bora: mto mwembamba, vidimbwi vinavyoonekana wazi, na uko karibu na Fishing Lodge.

Nyumba ipi

Fishing Lodge iko kwenye nyanda za juu zenye nyasi za mafungu, upande wa lango la Kiandongoro, kwenye kimo cha takriban mita 3,000. Ni nyumba mbili za mawe, kila moja ina vyumba vitatu na inalaza watu saba, na ndani kuna sehemu ya kuota moto. Kwa kundi la marafiki au familia mbili, hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Gharama ikigawanywa kwa watu saba hushuka sana, na mtu asiyevua hakosi la kufanya: anakaa barazani, anatazama nyanda, anasoma.

Tusk Camp ni ya mbao, iko msituni upande wa lango la Ruhuruini, na kukiwa hakuna mawingu unauona Mlima Kenya. Ni nyumba nzuri ya mapumziko, ila ukitoka hapo kwenda kwenye mito ya nyanda za juu utarudi kwenye tatizo lile lile la kuendesha gari asubuhi. Sapper Hut ni kibanda kidogo sana juu ya mto Magura, mahali pa watu wachache waliozoea shida ndogo ndogo. Ukiwa mvuvi wa kweli na hujali starehe, Sapper inakuweka karibu na maji kuliko zote.

The Ark ni hoteli, na kazi yake ni kutazama wanyama usiku wakija kunywa maji. Usiiweke kwenye hesabu ya uvuvi.

Walio Tanzania wanaweza kuitumia mantiki hii kwenye Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, pembe ya kusini magharibi ya Ziwa Victoria, ambako TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, lina mabanda yake na uvuvi wa michezo unaruhusiwa kwa kibali. Huko samaki ni sangara, unavua ukiwa ndani ya boti, mshipi ni mnene, na mamba na viboko wapo majini. Safari hiyo inahitaji vifaa na maandalizi tofauti kabisa na haya ya Aberdare.

Msimu

Epuka Machi hadi Mei kama unaweza. Mvua za masika hujaza mito, maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, samaki haoni chambo, na barabara za mbugani hugeuka utelezi ambao hata Landrover hushindwa. Mvua za Oktoba hadi Desemba huwa fupi, ingawa nazo zina siku zake. Januari na Februari ni miezi mizuri kuliko yote: maji yako chini na maangavu, asubuhi hazina mawingu. Juni hadi Septemba barabara zinapitika lakini baridi ni kali na ukungu unaweza kukaa siku nzima. Waliozoea baridi huipenda miezi hiyo kwa sababu watu ni wachache.

Kuweka nafasi na kulipa

Malipo ya KWS hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, na M-Pesa inakubalika. Usipande mlima na noti ukidhani utalipa langoni. Mtandao wa simu kule juu hukatika, kwa hiyo lipa ukiwa bado mjini na uhifadhi risiti kwenye simu kama picha, au uichapishe.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba malipo si moja. Kuna kodi ya nyumba, kuna kiingilio cha kila mtu kwa siku, kuna ada ya gari, kuna kibali cha kuvua, na kuna malipo ya renja atakayewasindikiza. Viwango hubadilika, na raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa, hivyo chukua bei mpya siku unayopanga. Piga hesabu zote tano kabla ya kuwaambia wenzako kila mmoja atachanga ngapi. Ugomvi mwingi wa safari huanzia kwenye michango iliyokadiriwa nusu.

Wasiliana na ofisi ya mbuga iliyoko Mweiga, au kitengo cha uwekaji nafasi cha KWS Nairobi, mapema iwezekanavyo, hasa kwa Pasaka, Agosti na Desemba. Ukizungumza nao, uliza haya moja kwa moja: Je, tunakodi nyumba nzima au tunalipa kwa kitanda? Kuni zimo au tunanunua? Gesi ya kupikia ipo? Taa ni za sola, na zinawaka mpaka saa ngapi? Shuka na blanketi zimo? Maji ya kuoga yanapashwa kwa kuni, na nani anawasha? Halafu uliza lililo muhimu kuliko yote: wiki hii barabara ya kutoka Kiandongoro hadi kwenye nyumba ina hali gani?

Kuhusu kibali cha kuvua, omba wakueleze kwa kinywa masharti ya mwaka huo: chambo kinachoruhusiwa, ukubwa wa samaki wa kuchukua, idadi kwa siku, na sehemu za mto zilizofungwa. Andika majibu. Renja utakayempata mtoni ana haki ya kukuzuia, na ukiwa umeshaelezwa hamtavutana.

Njia na gari

Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150 za lami. Kutoka Nyeri unapita Ihithe, kijiji alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940, kisha unaingia msituni kuelekea lango la Kiandongoro. Njia ya pili inatoka upande wa Naivasha kupitia Ndunyu Njeru hadi lango la Mutubio, halafu unakatiza nyanda zote za juu kwenda mashariki. Ina mandhari ya ajabu, lakini kama unakwenda Fishing Lodge kwa mara ya kwanza pita Kiandongoro, maana umbali wa ndani ya mbuga ni mfupi.

Gari liwe la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne na lililoinuka. Si suala la fahari. Udongo wa huko ukilowa unatelezesha tairi kama sabuni, na mahali pengine upande mmoja ni bonde. Jaza mafuta Nyeri, kwa sababu ndani ya mbuga hakuna kituo. Beba kamba ya kuvutia gari, koleo, jembe dogo, tairi la akiba lenye upepo, na mbao mbili fupi za kuweka chini ya tairi. Ingia langoni kabla ya saa nane mchana. Ukichelewa, ukungu na giza vitakukuta pamoja, na ndovu hupenda kusimama barabarani saa hizo.

Chakula: kimo kinapika tofauti

Hapa ndipo wageni wa milimani hushangaa. Kwenye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi kama 90 badala ya 100. Sufuria inatoa povu na mvuke, lakini joto lililomo ni dogo. Maharagwe makavu yatakaa motoni mchana kutwa na bado yatalia kwenye meno. Mahindi ya githeri vivyo hivyo. Kwa hiyo githeri, maharagwe na nyama ngumu vichemshwe nyumbani, vipozwe, vifungwe kwenye vyombo, na mlimani viungwe tu kwa kitunguu, nyanya na viazi. Mchele unaiva, ila uongeze maji na muda, na ufunike kwa kifuniko kizito. Chapati pikeni kabla. Ugali hauna tatizo kubwa. Usonge kwa subira.

Viazi vya Kinangop, kabichi, karoti, mayai na maziwa nunua njiani. Ongeza tangawizi nyingi, chai, sukari na mafuta, maana mwili kwenye baridi unakula kuliko kawaida. Maji ya kunywa beba ya kutosha siku ya kwanza. Ya mto chemsha yakitokota kwa dakika kadhaa kabla ya kunywa.

Usipange chakula chote juu ya samaki mtakaowavua. Trauti wa mito hii kwa kawaida ni wadogo, wa kutosha kikaangoni, na kuna siku hawaumi kabisa. Mmoja au wawili waliokaangwa kwa siagi na chumvi, ngozi ikikauka vizuri, ni kitoweo cha kuonja kwa kundi zima.

Siku ya kufika pumzika. Kimo hicho huwapa wengine maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Kunywa maji mengi, acha pombe usiku wa kwanza, tembea polepole. Maumivu yakizidi, kukiwa na kutapika au kupepesuka, mshushe mgonjwa hata kama siku ni nzuri kwa uvuvi.

Vifaa vya mtoni

Uvuvi wa trauti huku ni wa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Ufito mfupi unatosha, futi 7 hadi 8, wa mshipi wa uzito namba 4 au 5, kwa sababu mto ni mwembamba na kingo zina vichaka. Mwisho wa mshipi uwe nailoni nyembamba inayohimili ratili 4 hivi. Beba nzi wa kuzama na wa kuelea, ndoano namba 10 hadi 14. Ule unaoitwa Kenya Bug, mweusi na wa kuzama, wavuvi wa hapa huutumia sana. Bonyeza kikulabu cha ndoano, kile kijino kilicho nyuma ya ncha, kwa koleo ndogo ya kubania kiwe bapa, ili samaki mdogo atoke bila kuchanika.

Viatu ni gambuti zenye meno, zinatosha. Zioshe na kuzikausha nyumbani kabla ya safari, ukwangue tope la mto mwingine, kwa sababu magugu na magonjwa ya samaki husafiri kwenye tope. Miwani ya jua inayokata mng'ao inakuwezesha kuona ndani ya maji. Koti la mvua, sweta mbili, kofia ya marvin, glavu, soksi nyingi. Zidisha soksi.

Siku yenyewe

Waliozoea kuvua baharini huamka alfajiri. Huku usijitese. Usiku joto linaweza kukaribia sifuri, na maji asubuhi ni baridi kiasi kwamba trauti amelala chini hataki kusogea. Kunywa chai, kula vizuri, na uwe ukingoni kama saa tatu hivi, jua likianza kupiga maji na wadudu kuanza kuruka. Kuanzia hapo hadi saa saba ndiyo saa za dhahabu. Mvua ya mchana ikianza, rudi nyumbani ukauke. Ikikatika mnamo saa kumi, toka tena kwa saa moja na nusu. Hiyo saa moja na nusu ya jioni aliyelala mjini hawezi kuipata kamwe.

Usitoke peke yako na usitoke bila renja mwenye silaha. Vichaka vya kando ya mto ni makao ya nyati, na nyati dume aliye peke yake hasikii mtu akija kwa sababu ya kelele za maji, mpaka mmekaribiana mno. Renja atangulie, mpige makofi au mzungumze kwa sauti kabla ya kuingia kila kichaka, kisha mnyamaze mkifika ukingoni. Akisema hapa leo hapafai, ondokeni. Anajua nyayo za asubuhi ile.

Trauti husimama akiukabili mkondo, akingoja chakula kiletwe na maji. Kwa hiyo anza chini ya mto upande kwenda juu, umwendee kutoka nyuma. Inama, nyasi zile ndefu zikufiche. Tazama jiwe kubwa: mbele yake maji yanagawanyika, nyuma yake pana utulivu wa upana wa karai, na kando ya utulivu huo kuna mstari mwembamba wa povu. Samaki yuko kwenye mstari huo. Dondosha nzi hatua mbili juu ya jiwe, uache maji yenyewe yamlete, huku ukikusanya mshipi uliolegea kwa mkono wa kushoto. Usivute. Ncha ya mshipi ikisita hata kidogo, inua ufito. Ukimkosa mara mbili kidimbwi hicho kimeharibika. Nenda cha juu yake.

Unayetaka kumwachia, lowesha mikono kwanza, usimwinue juu sana, mwelekeze mkondoni akiwa mikononi mwako mpaka aondoke kwa nguvu zake. Unayemchukua, muue mara moja kwa pigo la kichwani. Kumwacha afurukute kwenye nyasi ni ukatili, na nyama yake hulegea.

Jioni kwenye nyumba

Nyumba inafanya nusu ya kazi ya kesho. Mkirudi tu, mmoja awashe moto, mwingine atundike makoti na soksi karibu na moto pasipo kuungua, gambuti zigeuzwe mdomo chini na kujazwa magazeti. Mshipi uvutwe na kupanguswa. Msipofanya hivyo usiku huo, asubuhi mtavaa nguo mbichi kwenye baridi, na hamu ya mto itakufa.

Matumbo ya samaki yasitupwe karibu na nyumba, maana fisi na chui wananusa mbali. Mwulize mlinzi wa nyumba yanapotupwa. Matunda yasiachwe kwenye gari wala barazani. Kima hufungua mifuko, na ndovu akinusa ndizi ndani ya gari hatajali kioo. Giza likiingia, kaeni ndani. Mwenye haja ya kwenda garini aangaze tochi kwanza pande zote, asiende peke yake.

Kabla ya kulala hakikisha moto umeshuka na dirisha moja limeachwa wazi kidogo. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kamwe, baridi iwe kali vipi. Hewa ya makaa inaua watu waliolala.

Kuondoka

Siku ya mwisho msivue. Najua inauma, lakini usafi wa nyumba, kufunga mizigo na kushuka vinahitaji asubuhi nzima, na mvua ikiwahi mtakwama. Osheni vyombo, taka zote shukeni nazo, majivu muulizeni mlinzi yanapomwagwa. Mpeni asante yake mkononi. Ndiye aliyewasha moto wa maji ya kuoga alfajiri. Mkipita langoni waambieni mmevua mto gani, mmepata wangapi, na kama mmeona mitego ya nyaya au watu wanaovua kwa nyavu. Taarifa hiyo inawasaidia kujua samaki wako katika hali gani. Mnaotaka kutokea Naivasha kupitia Mutubio, pigeni simu kwanza ofisi ya Mweiga kuuliza kama barabara ya juu inapitika, na muwe mmeondoka nyumbani kabla ya saa nne asubuhi.